Tanga Nililolipiga Pasi

Jumatano ilikuwa na mlio wake. Saa kumi na nusu, maofisi yakishafungwa, mlinzi wa klabu aligonga kengele ya shaba pale gatini, na mlio ule ulipanda barabara ya mitende, ukapita juu ya mabati ya maduka, ukafika mpaka kwetu mtaa wa Waswahili. Baba alinyanyua mguu kwenye cherehani hata kama mshono haujaisha. Wauza samaki walibeba ungo zao kichwani, na sisi watoto tulikuwa tumeshatangulia, tunateremka mbio mpaka kwenye mchanga, maana ukichelewa unakuta mahali pazuri pa kusimama pamejaa. Kengele ya pili ilikuwa ya kuanza mashindano. Mi mpaka leo nikisikia shaba ikigongwa, hata ya shule, nageuka kutafuta ziwa. Wenzangu wana kumbukumbu tamu za utoto wao. Mi ninayo ya msimu mmoja wa mashua hapa Gisenyi, nilipokuwa na miaka kumi na moja, na si tamu hata kidogo, lakini ni yangu na nitaisema yote.

Klabu ilikuwa ya Wazungu. Sisi tulisimama nje ya ua, upande wa mchanga, na hakuna aliyetufukuza. Mashindano yenyewe hayakuwa makubwa: mashua sita, kila moja na watu wawili, na mapipa mawili yaliyopakwa rangi nyekundu yanayoelea mbali kule, moja upande wa Goma, lingine upande wa kusini. Unazunguka mapipa yote mawili, unarudi gatini kabla giza halijaingia. Basi. Ungeweza kusema ni mchezo wa kitoto, lakini hapo hungekuwa unaujua upepo wa ziwa Kivu. Mchana upepo unatoka ziwani, mzuri, una adabu. Jua likianza kushuka, unakufa. Unakufa kabisa, maji yanalala, mashua zote zinasimama kama kuku kwenye mvua. Halafu upepo wa mlima unateremka kutoka kwenye volkano, wa baridi, una harufu ya moshi wa mashamba, na hauji kwa mlango mmoja: unapiga kulia, unanyamaza, unapiga kushoto, unarudi. Wazungu wengi walishindwa hapo. Mtu anaongoza mbele kabisa saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro anazunguka palepale kama mlevi anayetafuta nyumba yake, na sisi huku mchangani tunakufa kwa kucheka.

Aliyeujua ule upepo alikuwa Karekezi. Alikuwa mtu wa ziwa tangu kuzaliwa, Mkristo, ameanza kupiga kasia kwenye mitumbwi ya maharage kabla hajaota ndevu. Wakati ule alifanya kazi kwenye mashua ya kijani ya Musyu Yani, Mugiriki mwenye duka la vitambaa. Musyu Yani alishika usukani, Karekezi alivuta kamba na kuchota maji kwa ndoo. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa klabuni. Lakini sisi tulioangalia tuliona wazi: Karekezi anageuza shavu, ananusa, anasema neno moja, na Musyu Yani ndipo anageuza usukani. Kila mtu mchangani alijua nani anaendesha ile mashua. Alikuwa rafiki wa Baba, rafiki wa kweli, siyo wa kupeana salamu tu. Kila Ijumaa baada ya swala, ingawa yeye hakuwa Mwislamu, alikuja kukaa kwenye baraza yetu na kunywa chai ya tangawizi, na wale wawili walizungumza mpaka chai ya birika ikawa baridi. Mi nilimwita baba mudogo. Yeye aliniita Pilipili, kwa sababu nilikuwa na hasira za karibu na mdomo usiolala, na sidhani kama alikosea.

Mwaka huo tanga la Musyu Yani lilichanika. Wazungu wote waliagiza matanga yao Ulaya, yanakuja kwa meli, halafu kwa treni, halafu kwa lori, miezi na miezi. Musyu Yani hakutaka kungoja. Karekezi akamwambia, "Musyu, kuna fundi." Ndivyo Baba, aliyekuwa anashona kanzu na suruali za shule, alivyoletewa robota la kitambaa kizito cha pamba na tanga kuukuu la kupimia. Alilitandaza kwenye sakafu ya saruji ya ghala la kahawa, akalifumua kipande kwa kipande, na kwa siku tisa alitambaa juu yake kwa magoti akiwa na chaki mdomoni. Karekezi alichutama pembeni akimweleza upepo unakaa wapi kwenye kitambaa. Baba hakuwa amewahi kupanda mashua maisha yake yote, maji yalimtisha. Lakini alishona tumbo la lile tanga kwa maneno ya Karekezi tu, na mi niliyewapelekea chakula niliona kwa macho yangu. Watu wawili walitengeneza kitu kimoja. Nataka mlishike hilo.

Tanga jipya la pamba halipelekwi mbio. Baba na Karekezi walikubaliana: Jumatano tatu za kwanza, kamba ivutwe taratibu, upepo uwe mdogo, lisilowe, kitambaa kijinyooshe chenyewe mpaka kipate umbo lake. Kwa hiyo Jumatano tatu mashua ya kijani ilikuja ya mwisho, kwa makusudi. Sasa nenda ukamweleze mtoto wa mtaani neno makusudi! Hamisi, mtoto wa muuza mafuta ya taa, alinifuata mpaka nyumbani akiimba, "Tanga ya baba yake Mwajuma iko kama gunia ya maharage!" Nilimpiga. Siku ya pili nilimpiga tena, na dada yake pia. Na kilichoniuma ni kwamba kwa rangi alisema kweli. Matanga ya Ulaya yalikuwa meupe kama maziwa. La kwetu lilikuwa na rangi ya uji wa mtama, na alama za kutu, na doa la matope kwenye pembe. Karekezi alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kucha zina damu.

"We Pilipili, leo umepiga nani?"

"Hamisi. Anasema tanga iko kama gunia."

"Iko kama gunia, njo kweli!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Lakini hii gunia itawaonyesha. Ngoja tu, mama. Jumatano moja utamuona huyo Hamisi anakulilia umuachilie nafasi mbele."

Kisha robota likamwangukia Musyu Yani dukani, likamvunja mkono. Msimu bado una miezi miwili. Mugiriki yule, namheshimu kwa hili, alikwenda klabuni na mkono kwenye kitambaa shingoni akasema Karekezi ndiye atakayeshika usukani pamoja na kamba ya tanga, na mwanawe wa kiume atachota maji. Tulisikia makelele mpaka nje ya ua. Kifaransa kilikuwa kinapaa hewani kama sahani. Mwafrika ashike usukani kwenye mashindano ya klabu? Karani wao, mwanamume mwekundu mwenye soksi mpaka magotini, naye pia mshindani, alipiga meza. Mwisho walikubaliana hivi: Jumatano moja, ya kujaribu. Akirudi bila kuvunja kitu na bila kugusa mashua nyingine, ataendelea mpaka mwisho wa msimu. Asiporudi salama, basi, na lisizungumzwe tena. Habari ilifika mpaka soko la Mahoko kabla ya jioni. Wavuvi ambao hawakuwahi kujali mchezo wa Wazungu walianza kuulizana ni Jumatano gani. Karekezi alikuja kwetu Jumanne na tanga begani, uzi mmoja ulikuwa unalegea kwenye pembe, akamwambia Baba, "Fundi, nitazamie vizuri. Kesho sitaki niwaze kitambaa. Nataka niwaze upepo tu."

Baba aliutengeneza uzi usiku uleule. Alfajiri ya Jumatano akaenda soko la Mahoko na nguo zake, akaniambia Karekezi atakuja kuchukua tanga mchana. Akaniacha nalo.

Sasa mnisikilize vizuri. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kanzu. Mama alikuwa amefariki, na tangu nilipokuwa na miaka minane mi ndiye niliyefua kanzu za Baba, nikazitia buluu, nikazichovya kwenye wanga wa muhogo, nikazipiga pasi ya makaa mpaka zikasimama zenyewe. Ijumaa wanaume msikitini walimuuliza Baba nani anamfulia, na yeye alisema, "Binti yangu," na mi nilikuwa nakula hilo neno wiki nzima. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuunguza. Kwa hiyo nilipolitazama lile tanga na kutu yake na doa lake la matope, na kufikiri kwamba jioni ile ulimwengu mzima utakuwa mchangani unatazama kazi ya baba yangu, sikuona tanga. Niliona kanzu ambayo mtu ameiacha chafu siku ya Idi. Walikuwa wamesema lisilowe, ndiyo, nilisikia. Nilifikiri wanasema juu ya mvua ya ziwani. Nguo ikifuliwa haiitwi imelowa, inaitwa imefuliwa!

Nililipeleka mawe ya kufulia likiwa kichwani mwangu, zito kama maiti. Nililisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka. Nilipika wanga kwenye sufuria kubwa ya harusi, niliyoiazima kwa jirani, nikaukoroga mpaka ukawa laini, nikatia buluu, nikalichovya kipande kwa kipande. Nililianika kwenye nyasi, na jua la siku hiyo lilikuwa kali kama limetumwa. Saa saba nilianza kupiga pasi. Nilipiga pasi mpaka saa kumi, nikibadilisha makaa mara nne, nikivuta kila mshono wa Baba unyooke. Lilikuwa jeupe. Wallahi, lilikuwa jeupe kuliko yote ya Ulaya. Nililikunja kama kanzu inavyokunjwa, nikalifunga kwenye shuka safi. Karekezi alipotuma mtu kulichukua nikakataa kumpa. Nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye ua wa klabu, na yeye akalipokea kwa juu ya michongoma wakati kengele ya kwanza inalia.

Alifungua shuka. "Yampayinka!" akashangaa kwa Kinyarwanda, na jicho likamtoka. "Mwajuma, umefanya nini?"

"Nimeipigia pasi, baba mudogo. Hamisi atasema nini leo?"

Alilishika kati ya vidole viwili. Uso wake ulibadilika, kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali. Akafungua mdomo. Nyuma yake karani mwekundu akapiga kelele za kuharakisha, "Allez, allez!" na mtoto wa Musyu Yani alikuwa ameshaingia kwenye mashua. Karekezi akanitazama jinsi nilivyokuwa ninacheka. Akaufunga mdomo. "Iko muzuri," akasema. "Nenda usimame mbele."

Nilisimama mbele. Mchanga ulikuwa umejaa. Watu walipanda hata kwenye mitumbwi iliyogeuzwa. Tanga lilipopanda lilitoa sauti ya makaratasi, na jua likalipiga, na mchanga mzima ukasema aaa. Nilimtafuta Hamisi nikampa ulimi. Mashua ziliondoka. Kwenye upepo wa ziwa ile ya kijani haikwenda vizuri. Nilimwona Karekezi anashikashika kamba, analegeza, anavuta, na tanga limesimama kama ubao, halina tumbo. Alikuwa wa nne kwenye pipa la kwanza. Halafu upepo ukafa, kama kila siku, na kikaja kimvua kidogo, cha dakika chache, cha kulowesha mabega tu. Matanga yote sita yalining'inia.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho nitakisimulia mpaka nizeeke. Wenzake wote walibaki katikati wakingoja. Yeye alichukua kile kipumzi cha mwisho kilichobaki akajisogeza pembeni, karibu na nchi kavu, mahali ambapo hakuna Mzungu aliyewahi kwenda, akakaa pale amegeuza shavu. Mzee mmoja mvuvi akasema polepole, "Anaenda kuulaki mlangoni." Na kweli, upepo wa mlima uliposhuka ulimkuta yeye wa kwanza. Mashua ya kijani iliinama, ikaruka. Ilizunguka pipa la pili peke yake. Ilikuwa inarudi kwetu, mbele ya zote, upepo unahama kulia anahama nao, unahama kushoto anahama nao, na mchangani watu walikuwa wanalia, watu wazima, wanapiga makofi na ungo. Nilikuwa napiga kelele jina lake na jina la Baba, yote mawili pamoja.

Ilikuwa imebaki kama hatua mia. Upepo ukapiga mara moja wa nguvu, akavuta kamba, na nikasikia sauti ninayoijua tangu tumboni mwa mama, sauti ya kitambaa kikichanwa dukani. Mshono wa katikati ulifumuka kutoka chini mpaka juu. Mashua ikakosa nguvu, ikazunguka kama jani, ikampa ubavu karani mwekundu aliyekuwa anakuja nyuma na mashua yake. Mbao zilivunjika. Hakuna aliyeumia. Lakini alikuwa amegusa mashua nyingine, na amevunja kitu.

Walipozifikisha kwenye maji mafupi, Musyu Yani aliteremka mchangani na mkono wake shingoni, uso umekauka. Alipiga magoti kwenye maji akalitazama tanga. "Nani alishona mushono hii?" akauliza, ingawa alijua. "Fundi iko wapi?"

"Iko Mahoko," mtu akajibu. "Lakini mutoto wake njo huyu."

Watu wakanipisha. Sikumtazama Musyu Yani. Nilimtazama Karekezi, aliyekuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni akikusanya tanga, na niliona mikono yake. Ilikuwa na utelezi mweupe mpaka kwenye viwiko. Wanga wangu. Mvua ilikuwa imeuyeyusha, ukawa uji tena, na kitambaa kilichofuliwa kilikuwa kimesinyaa huku nyuzi zikivutana nacho. Nilielewa. Msinisamehe kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilielewa yote, palepale, kwa muda wa kupepesa jicho. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya Hamisi, "Mushono ya gunia!" na watu wawili watatu wakacheka.

Damu ikanipanda. "Mshono wa Baba haufumuki!" nilipiga kelele. "Ni yeye! Amevuta kamba kama mutu anavuta ng'ombe! Nimemuona! Tanga mupya haivutwi vile, Baba alimukataza, na yeye anajua! Muulizeni! Muulizeni kama hakukatazwa!"

Karani mwekundu alikuwa anaelewa Kiswahili vizuri. Akamgeukia. "Njo kweli? Fundi alikukataza kuvuta kwa nguvu?"

Karekezi alinitazama mimi, siyo yeye. Katazo lilikuwa la zile Jumatano tatu tu, na wote wawili tulijua. Ile mikono ilikuwa bado inadondosha. "Njo kweli," akasema. "Alisema."

"Na we ulivuta?"

"Upepo ilikuja. Nilivuta."

"Bon," karani akasema.

Neno hilo moja, sawa ya Kifaransa. Hawakumpiga, hawakumtukana, Musyu Yani hata hakumfukuza. Alimrudisha kwenye kamba na ndoo, na usukani ukashikwa na mwanawe ambaye hakujua kulia wala kushoto. Klabu ikaweka sheria kwamba Mwafrika hatashika usukani siku ya mashindano, na hapakuwa tena na haja ya kubishana, walikuwa wameshajaribu, si ndiyo? Watu walipanda kwenda nyumbani. Yule mzee mvuvi alitema mate. Na mi nilikuwa natembea kifua mbele kwa fahari, mnaweza kuamini? Kwa fahari. Nilikuwa nimelitetea jina la baba yangu mbele ya Wazungu.

Alhamisi asubuhi tanga lililetwa kwetu litengenezwe. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Baba alikuwa ameshasikia habari zote njiani. Alilitandaza kwenye baraza, akapitisha kiganja juu yake, akasimama. Akalinusa. Akachukua pembe moja akaigusa kwa ncha ya ulimi. Kisha akageuka taratibu akatazama kwenye kona, kwenye sufuria ya harusi ambayo nilikuwa sijairudisha kwa jirani, na ukoko wa wanga umekaukia pembeni. Akatazama pazia. Miguu yangu ilikuwa inaonekana chini yake. Tulikaa hivyo, yeye na miguu yangu, muda mrefu. Nilikuwa tayari kupigwa. Nilikuwa nataka kupigwa. Lakini alikaa chini, akaanza kufumua ule mshono uzi kwa uzi, na Musyu Yani alipopita saa sita kuuliza, Baba akamjibu bila kuinua kichwa, "Kamba ilivutwa kwa nguvu, Musyu. Kitambaa hakikuwa na kosa."

Ijumaa Karekezi alikuja kwenye baraza kama kawaida. Nilimimina chai. Baba akamuuliza habari za mvua. Akamuuliza habari za bei ya maharage. Karekezi alijibu yote, na kila baada ya jibu alimngoja Baba, na Baba akatafuta kitu kingine cha kuuliza. Sijawahi kuona kikombe kimoja cha chai kikinywewa kwa muda mrefu hivyo. Mwishoni akasimama, akasema, "Bon, Fundi. Tutaonana." Aliendelea wiki mbili tatu na ndoo yake kwenye mashua ya kijani. Halafu akaacha kazi, akaacha na ziwa, akapanda na mke wake kwenda kwa wakwe zake Bugeshi, juu kabisa chini ya volkano, mahali ambapo maji unayoyaona ni ya mvua. Baba hakuwahi kunitajia jambo lile. Jambo moja tu lilibadilika: tangu siku ile alipiga pasi kanzu zake mwenyewe.

Imepita miaka kumi hivi. Wazungu bado wanashindana Jumatano, na wakigeuka kwenye pipa la kusini mi naweza kukuambia kila tanga lilishonwa mwezi gani, maana matano kati ya sita ni ya Baba. Hakuna anayeagiza Ulaya tena. Amejenga vyumba viwili vya saruji, ana vijana wawili wa kumsaidia, na nikisikia mtu anamsema vibaya bado naweza kumrarua. Huyo ndiye mimi, sijabadilika. Lakini usukani wote sita uko kwenye mikono ileile, na jioni upepo wa mlima ukishuka wanazunguka kama walevi, na hakuna anayecheka mchangani. Vijana wa sasa hawajui kwamba palikuwa na Jumatano ambapo mtu wetu aliuwahi upepo mlangoni. Wakisikia jina la Karekezi, wachache wanaolijua wanasema, ah, yule aliyevunja mashua.

Mwaka jana niliacha kulala vizuri. Mwanamke mmoja anayeuza viazi Mahoko aliniambia bado yuko hai, analima. Nilipanda lori la viazi linalorudi tupu, nikatembea sehemu iliyobaki kwa miguu, kwenye njia nyembamba za udongo mweusi na baridi inayouma masikio. Nilimkuta shambani, ameinama, nywele zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijasema. "Pilipili," akasema. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa mkupuo mmoja, mawe ya kufulia, sufuria, buluu, pasi, nikalia, nikamwambia nilikuwa najua nilipopiga kelele. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Wanga niliisikia kwenye mukono palepale juu ya ua," akasema. "Nilikosa mimi pia. Ningeirudisha. Lakini ulikuwa unacheka sana."

"Mbona hukusema, baba mudogo? Karani alikuuliza!"

"Niseme nini? Mutu muzima abishane na mutoto mbele ya Wazungu, aseme iko mutoto wa rafiki yangu aliharibu? Na Fundi wangeacha kumupa kazi." Alipangusa kiazi kimoja kwenye suruali, akakitazama kama amekisahau ni nini. "Mi kitu moja tu niko nataka kujua. Sikuzote niko nawaza. Baba yako alijua?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyengoja jibu hilo tangu kile kikombe cha chai. Nilikuwa nimepanda mlima mzima kusema kweli. Nilikuwa nimeapa. Na nikafikiria Baba, na magoti yake yaliyochubuka kwenye sakafu ya ghala, na jinsi anavyojipigia pasi peke yake bila kuniangalia.

"Hapana," nikasema. "Hakujua. Mpaka leo hajui."

Akashusha pumzi. Mabega yake yote yalishuka. "Nilijua," akasema, na akatabasamu mara ya kwanza. "Fundi hawezi. Nilimuambia bibi yangu, Fundi hawezi." Akanijazia kikapu cha viazi, vikubwa, alivichagua kimoja kimoja, akaniambia nimpelekee rafiki yake na nimsalimie sana.

Nilimpelekea. Baba aliuliza vimetoka kwa nani, nikamwambia, akavitazama, akasema vipikwe. Tukavila.

Baba alijua, Karekezi. Alijua tangu Alhamisi asubuhi, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikimwona anajua.